Uliza Tukujibu: Mbona Wamisri wa kale wamechorwa wamejikunja vile?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni fundi rangi hapa Nkuhungu, Dodoma. Kuna mama mmoja kanipa oda ya kuchora ukuta wa mgahawa wake, anataka mafarao na miungu ya Misri ya kale. Nikamchorea mtu kakaa ubavu kabisa, yaani kama unavyomuona mtu anapita zake barabarani, mama akaja akaangalia akasema hawa sio Wamisri hawa ni abiria wa daladala. Sasa sheria zao ni zipi? Au wenzetu hawakujua kuchora tu?

JIBU: Pole fundi, ila mteja wako kaona vizuri. Kichwa kinachorwa ubavu lakini jicho linawekwa zima kama linakutazama, mabega yote mawili yanaangalia mbele, halafu ukishuka kiunoni unarudi tena ubavu, na mara nyingi miguu yote miwili inaonyesha upande wa dole gumba, yaani mtu anaonekana ana miguu miwili ya kushoto, usishtuke wala usirekebishe.

Kuchora walijua sana. Picha ya kaburini haikuwa pambo, ilikuwa na kazi ya kumhudumia marehemu huko alikoenda, kwa hiyo kila kiungo kinawekwa kwa upande kinapotambulika vizuri, mkono ukijificha nyuma ya mwili ni kama umemnyima huo mkono. Ushahidi kwamba walijua upo: michoro ya kaburi la Nebamun, karani wa Misri ya kale, ya mwaka 1350 KK hivi, sasa iko British Museum kule London, kuna karamu na wanamuziki wanawake wamekaa chini, wawili nyuso zimegeuka zinakutazama kabisa na nyayo zinaonekana. Ila Nebamun mwenyewe akiwa anawinda ndege kwenye matete, kanyooka kama sheria inavyotaka. Ukiniuliza mimi, hapo ndo siri ilipo, sheria ilikuwa inambana zaidi mwenye cheo, kwa wapiga muziki na wanyama mchoraji alipumua kidogo. Kwa hiyo farao wako mbane, wapishi na wacheza ngoma wachangamshe.

Cheo kinaonekana kwenye saizi pia. Mkubwa anachorwa mkubwa kweli, mtumishi anaweza kuishia gotini kwake, na hii ni ya zamani mno, ipo tayari kwenye bamba la mawe la mfalme Narmer la kama 3100 KK.

Vipimo sasa, hapa utapapenda. Walichovya uzi kwenye rangi nyekundu, wanaukaza, wanauvuta na kuuachia upige ukuta, unabaki mstari, wanafanya hivyo wima na mlalo mpaka ukuta unajaa miraba. Mtu aliyesimama ni miraba 18 kutoka wayo mpaka nywele zinapoanzia kwenye paji, goti mraba wa 6, chini ya makalio wa 9, kiwiko wa 12, mabega wa 16. Aliyekaa ni 14. Juu ya nywele hawakuhesabu, maana huko kuna mataji na mawigi ya kila aina. Rangi: mwanaume kahawia ya wekundu, mwanamke njano, na Osiris, mungu wa wafu, kijani au nyeusi.

SWALI: Ina maana miaka yote hiyo hakuna aliyezikataa hizo sheria? (Mwalimu, Mpwapwa)

JIBU: Yupo mwalimu, tena farao mwenyewe. Akhenaten, karne ya 14 KK, alijichoresha na uso mrefu, kitambi, mapaja mapana na vijiguu vyembamba, amekaa na mkewe Nefertiti wanabembeleza watoto chini ya miale ya jua, na miraba ikaongezwa ikawa 20. Alipofariki haikuchukua muda mambo yakarudi kama zamani. Ukitaka kuona mafundi kazini tafuta picha za kaburi la farao Horemheb, halikumalizika, michoro ya awali ya wekundu ipo wazi na masahihisho ya rangi nyeusi juu yake.

SWALI: Na hii michoro yetu ya miambani ya Kolo je, ina sheria? (Msomaji, Kondoa)

JIBU: Miraba hamna, wala mstari wa chini wa kukanyagia, watu na wanyama wanaelea mwambani na wengine wamechorwa juu ya wenzao. Ila mazoea yapo, ile ya wekundu ina watu warefu wembamba na vichwa vya ajabu ajabu, ile nyeupe ni ya baadaye na imechorwa kwa mkono mzito. UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia 2006. Ukienda chukua mwongozaji, na tafadhali usimwagie maji mwamba ili rangi itoke vizuri kwenye simu, maji yanaifuta.