Muulize Sista: "Anatomia nimepita, fiziolojia imenishinda"

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wanafunzi wa afya wa Malindi na Lamu. Moja imetoka kwa mzee wa Kizingitini, nayo nimeipenda kuliko zote, kwa hiyo nimeiweka mwisho. Majina ya wote yako kapuni.

*Shikamoo Sista. Nasomea uuguzi mwaka wa kwanza hapa Malindi, nimepanga chumba Maweni. Anatomia nimepata alama nzuri, mifupa yote naijua hadi ile midogo ya kiganja. Fiziolojia nimepata 38. Nakesha na noti, nazipaka rangi, nazikariri neno kwa neno. Kwenye mtihani naulizwa "eleza kwa nini", nabaki nimeduwaa. Wenzangu wanasema nibadilishe kozi. Nifanyeje?*
*Mwanafunzi, Maweni*

Marahaba mwanangu. Kozi usibadilishe. Aliyeweza kuimudu mifupa 206 kichwa chake ni kizima. Tatizo ni kwamba unaisoma fiziolojia kama unavyosoma anatomia. Anatomia inataka ujue kitu kiko wapi na kinaitwaje. Fiziolojia inataka ujue kinafanyaje kazi, na ina maswali mengine matatu, na mimi nilikuwa nikiyaandika ubaoni kila siku ya kwanza ya muhula: mwili unalinda nini hapa? Nani anagundua kwamba kimeharibika? Nani anatumwa kukirekebisha? Kukariri homoni bila maswali hayo ni kama kukariri majina ya mabaharia wote wa jahazi na hujui jahazi linakwenda wapi.

Utaratibu huo wa mwili kujilinda usiyumbe, Mmarekani Walter Cannon aliupa jina la homeostasisi miaka ya 1920. Jina utalikuta katika ukurasa wa kwanza wa noti zako, na nina hakika umelipaka rangi ya njano. Sasa tulitumie.

Jioni ya leo tandika mkeka, ulale chali dakika tano, simu iwe mbali. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, uhesabu mapigo kwa nusu dakika, kisha zidisha mara mbili. Andika. Halafu simama wima kwa mara moja, usiegemee ukuta, na uhesabu tena papo hapo. Yatakuwa yamepanda, kwa watu wengi mapigo 10 hadi 20 hivi. Usifungue noti bado. Kaa ujiulize: moyo umejuaje kwamba umesimama? Moyo hauna macho.

Fuata mnyororo pole pole. Uliposimama, damu kiasi cha nusu lita au zaidi iliteremka miguuni na tumboni kwa uzito wake, ikatulia kwenye vena, mishipa inayorudisha damu moyoni. Damu inayorudi moyoni ikapungua. Moyo hautoi usichopokea, kwa hiyo kila pigo likatoka na damu kidogo kuliko kawaida. Presha ikaanza kushuka. Hapo ndipo anapoingia mgunduzi: vipokezi vilivyo kwenye kuta za ateri za shingoni, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, na kwenye upinde wa aota, ateri kubwa kuliko zote, vinavyohisi ukuta unavyotanuka. Ukuta ukilegea, habari zinazokwenda kwenye medula, sehemu ya chini ya ubongo, zinapungua, na medula inachukua hatua mbili kwa pamoja. Inaiachia breki ya neva ya vagasi, inayopunguza mwendo wa moyo, na inaamsha neva za simpathetiki, zinazouharakisha. Moyo unakimbia, unapiga kwa nguvu zaidi, mishipa midogo inajibana, vena zinasukuma damu juu. Presha inarudi. Yote haya ni sekunde chache tu, na wewe umesimama unashangaa mapigo yamepanda kwa nini.

Sasa unajua kinacholindwa, anayegundua na wanaotumwa. Chukua karatasi tupu uchore mnyororo huo kwa mishale bila kuangalia popote. Utakwama mahali. Hapo ulipokwama ndipo pa kusoma usiku huo, si sura nzima.

Weka na hesabu, maana wanafunzi wa afya wanaikimbia hesabu kama paka na maji. Moyo wa mtu mzima aliyetulia unasukuma mililita 70 hivi kwa kila pigo. Ukipiga mara 70 kwa dakika, hiyo ni mililita 4,900, karibu lita 5. Na damu yote mwilini ni kama lita 5. Maana yake damu yako yote inapita moyoni kila dakika, nawe umekaa unakunywa kahawa. Hesabu ya namna hiyo ndiyo aliyoitumia tabibu Mwingereza William Harvey katika kitabu alichotoa mwaka 1628: aliona damu inayotoka moyoni kwa nusu saa tu ni nyingi kuliko chakula kinavyoweza kuitengeneza, basi lazima ni ile ile inayozunguka. Alikuwa na kamba ya kufunga mkono, vidole vyake na hesabu.

Hatua ya mwisho, na hii ndiyo inayowatenga wauguzi wazuri na wengine: uharibu mnyororo uone kinachofuata. Uko wodi ya wazazi. Mama amejifungua, unampima, presha 110 kwa 70. Mwanafunzi wa kukariri anaandika "hali nzuri" na kwenda zake. Wewe umeshika mkono, mapigo ni 124, ngozi ya baridi, jasho jembamba kwenye paji la uso. Sasa rudi kwenye mkeka wako. Damu inayorudi moyoni imepungua, safari hii kwa sababu inatoka nje ya mwili. Vipokezi vimegundua. Moyo unakimbia, mishipa ya ngozi imejibana, ndiyo maana ngozi ni baridi. Presha bado nzuri *kwa sababu* mwili unahangaika kuishikilia. Mtu mzima anaweza kupoteza lita nzima ya damu kabla namba ya juu ya presha haijaporomoka. Ukingoja iporomoke ndipo uite daktari, umechelewa. Hakuna rangi ya kalamu inayokufundisha hilo.

Jambo moja kuhusu mpangilio, halafu nikuache. Usianze na mlolongo wa homoni, wengi wanazama hapo. Anza na seli na utando wake: sodiamu nyingi nje, potasiamu nyingi ndani, na pampu inayotoa sodiamu tatu kwa kila potasiamu mbili inazoingiza. Ukilielewa hilo vizuri umeshapata nusu ya neva, nusu ya misuli na sehemu kubwa ya moyo na figo. Wahadhiri hulipita wiki ya kwanza mbio mbio, sijui kwa nini.

*Sista, kuna mtu ananiuzia kitabu kikubwa cha fiziolojia, toleo la zamani. Ninunue au nisubiri jipya?*
*Mwanafunzi, Langoni, Lamu*

Cha zamani kinatosha. Moyo haujabadilika. Kwa dozi za dawa na miongozo ya matibabu ndipo utafute kipya. Na kama maktaba ya chuo wanacho, hizo pesa kalipie nauli ya boti.

*Shikamoo Sista. Mwalimu ametuuliza mtu anayefunga Ramadhani sukari ya damu inakaaje sawa mpaka magharibi. Mimi nilijibu kwamba inaisha, ndiyo maana tunachoka, akanicheka mbele ya darasa. Pia bibi yangu anatulazimisha kunywa jagi zima la maji wakati wa daku ili tusione kiu. Yuko sawa?*
*Mwanafunzi, Mkomani, Lamu*

Marahaba. Mwalimu asingekucheka, lakini jibu lako kweli halikai. Sukari ingeisha ungeanguka na kupoteza fahamu kabla ya adhuhuri, kwa sababu ubongo unaitegemea na unakula karibu gramu 120 za glukosi kwa siku. Kwa mtu mzima wa afya, sukari inabaki kati ya milimoli 4 na 5.5 hivi kwa lita, asubuhi hadi jioni, hata akiwa na saumu.

Inakaaje? Futari na daku zinapoingia, insulini, homoni ya kuweka sukari akiba, inapanda na ini linaweka akiba ya glikojeni, yaani glukosi iliyofungwa pamoja, kama gramu 100. Misuli nayo inaweka, tena zaidi ya ini, lakini misuli ni bahili: haina kimeng'enya cha kuirudisha glukosi kwenye damu, ikiweka inatumia yenyewe. Hili mtihani hulipenda sana. Saa chache baada ya daku insulini inashuka, glukagoni, homoni ya kuifungua akiba, inapanda, na ini linaanza kutoa kidogo kidogo. Kadiri alasiri inavyokaribia, ini linatengeneza pia glukosi mpya kutokana na laktati, gliseroli na asidi za amino, huku misuli na viungo vingine vikihamia kwenye mafuta ili sukari waachiwe ubongo na chembe nyekundu za damu. Uchovu unaousikia saa tisa una mambo mengi ndani yake, usingizi wa daku ukiwamo, na kiu, na kahawa uliyoikosa.

Haya ni ya mtu mzima wa afya. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge mnyororo wake si huu, na anatakiwa aonane na kliniki *kabla* ya mwezi kuandama. Mwambie na jirani.

Sasa bibi. Nia yake nzuri, figo ndizo hazimsikilizi. Ukimimina jagi zima kwa mara moja, damu inazimuka kidogo, vipokezi vya hipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo, vinagundua, homoni ya kuzuia mkojo inapungua, na figo zinafungua. Baada ya saa mbili tatu sehemu kubwa ya maji hayo umeshaipeleka chooni. Afadhali kunywa kwa mafungu tangu futari: baada ya tende, baada ya tarawehe, kabla ya kulala, na daku kiasi. Mwambie bibi kwa adabu. Na apunguze achari kwenye daku, chumvi ndiyo inayokuletea kiu mapema. Mchana homoni ile ile inapanda, figo zinabana maji, ndiyo maana mkojo wa alasiri ni mchache na rangi yake imekoza. Hapo mwili uko kazini sawasawa.

*Asalaam aleikum Sista. Mimi si mwanafunzi, ni mzamiaji wa Kizingitini, kamba wa mwambani na pweza. Sisi kabla ya kuzama tunavuta pumzi nyingi za haraka haraka ili tukae chini zaidi, na kweli mtu anakaa. Binti yangu anasomea uuguzi, amenikataza, anasema nitazimia. Nimezama tangu utoto sijazimia. Nimsikilize?*
*Baba wa mwanafunzi, Kizingitini*

Waaleikum salaam ndugu yangu. Msikilize, na ada ya chuo umelipa mahali pake.

Kinachokusukuma upande juu si upungufu wa oksijeni. Ni kabonidioksaidi, hewa chafu inayojikusanya kwenye damu. Ubongo unaihisi kwa haraka sana, kifua kinaanza kuruka, unajua sasa basi, napanda. Vipo pia vipokezi vya oksijeni shingoni, lakini hivyo ni wavivu: havipigi kelele kwa nguvu mpaka oksijeni imeshuka sana.

Unapovuta pumzi za haraka haraka, oksijeni hujaiongeza kwa maana yoyote. Damu ya mtu mzima mwenye afya huwa imeshajaa asilimia 97 au 98, nafasi ya kuongeza haipo. Ulichofanya ni kuifukuza ile kabonidioksaidi, yaani umemnyamazisha mlinzi. Unakaa chini muda mrefu bila kusikia shida, na oksijeni inaendelea kwisha kimya kimya.

Halafu kuna jambo ambalo pengine binti hajafika. Ukiwa pima tano na nusu, yaani mita 10, unabanwa kwa shinikizo mara mbili ya lile la juu ya maji, na hata oksijeni kidogo iliyobaki mapafuni inasukumwa kuingia kwenye damu. Chini unajiona mzima. Unapopanda, shinikizo hilo linapungua kwa nusu, na oksijeni ya mapafuni inashuka ghafla pamoja nalo. Mtu anazimia karibu na uso wa maji, pima moja au mbili kabla ya kufika, wakati mwingine baada ya kutoa kichwa. Hakuna dalili ya kumwonya. Ndiyo maana kutozimia kwako miaka yote hakukupi dhamana ya kesho.

Vuta pumzi za kawaida mpaka utulie, moja kubwa ya mwisho, uzame. Kati ya mzamo na mzamo pumzika juu muda mrefu kuliko uliokaa chini. Na msizame wawili kwa pamoja: mmoja chini, mmoja juu anamwangalia mpaka atoke na avute pumzi kadhaa. Akizimia, mtoe uso majini kwanza. Akiwa hapumui mpulizieni pumzi hapo hapo, tano za mwanzo, msingoje kumfikisha ufukweni kama mna chombo karibu. Binti yako anafundishwa kufanya hivyo chuoni. Akija likizo awafundishe vijana wote wa chombo, kwa mikono, si kwa maneno.