Mikono yote ilipanda, mlango wa mfereji ukavunjwa

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni katibu wa umoja wa wamwagiliaji kwenye skimu ya mpunga yenye wanachama 312. Kiangazi kilichopita tuliita mkutano mkuu tukubaliane zamu za maji. Tulimleta mwezeshaji kutoka mjini kwa siku moja, mikono yote ikapanda na hakuna aliyepinga. Wiki ya pili mlango wa mfereji ukavunjwa usiku. Sasa wajumbe wanataka tupige kura, theluthi mbili ikifika basi, na faini ipandishwe. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu katibu, faini tuiweke kando kwanza. Kinachoniumiza ni hayo maneno yako "hakuna aliyepinga". Nayakuta kwenye kila muhtasari ninaoletewa baada ya makubaliano kuvunjika. Mtu asipopinga mbele ya watu 300, ulichojua ni kwamba hakutaka kupinga mbele ya watu 300. Anachokitaka hujakijua bado.

Niliwahi kukaa nyuma kwenye mkutano kama wenu, chini ya mwembe. Mbele yangu alikaa mama mwenye jaruba mkiani mwa mfereji. Mwenyekiti aliposema "wanaokubali", mama yule alitazama kwanza kushoto, alikokaa mwenye ng'ombe wanaomlimia. Mkono ukapanda mpaka usawa wa sikio, ukashuka kabla haujahesabiwa. Aliandikwa kuwa amekubali. Zamu zilipoanza, hakutokea hata siku moja, na sikuweza kumlaumu.

Hali hii imepimwa. Miaka ya 1950 huko Marekani, mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha watu mistari na kuwauliza upi unalingana na upi, jambo ambalo hata mtoto halikosei. Wenzao chumbani walikuwa wamepangwa kujibu uongo. Takriban theluthi ya majibu yalifuata uongo huo. Alipowekwa mwenza mmoja tu wa kusema kweli, kufuata mkumbo kulipungua sana. Na hiyo ni mistari kwenye karatasi, mbele ya watu wasiojuana. Ninyi mnazungumzia maji, mbele ya shemeji na anayekukopesha mbegu.

Kura haitawaokoa. Theluthi mbili yenu ni watu 208, wanabaki 104. Kama hao 104 wako juu, karibu na banio, yaani kizuizi cha mtoni kinachoingiza maji mferejini, maji yanapita mlangoni kwao kabla ya kumfikia mtu mwingine yeyote. Jembe moja usiku linatosha kuifuta kura yenu. Swali la kujiuliza ni hili: watu wa juu wanawahitaji watu wa mkiani kwa lipi? Elinor Ostrom, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza na wenzake skimu za Nepali. Mahali ambapo banio lilikuwa la mawe na miti, likihitaji mikono mingi kulitengeneza, watu wa mkiani walipata maji vizuri zaidi, kwa sababu nguvu kazi yao ilihitajika. Likijengwa la zege, wa juu hawakuwahitaji tena. Basi kaeni mfunge pamoja zamu za maji na siku za kusafisha mfereji. Hapo kila upande una kitu cha kumpa mwenzake.

Kabla ya mkutano mkuu, kaeni kwa mifereji midogo, watu 15 au 20, majirani wa maji. Pendekezo likishasomwa, kila mtu atumbukize punje kwenye chungu kilichofunikwa: hindi kwa anayekubali, haragwe kwa asiyelipenda lakini atalifuata, njugu kwa asiyeweza kabisa. Njugu zikionekana, msimtafute mwenye nazo. Ulizeni kundi zima: mtu angeweza kulikataa pendekezo hili kwa sababu gani? Sababu zitatajwa, maana hapo hakuna anayejisema mwenyewe. Rekebisheni, rudieni. Haragwe nyingi si tatizo. Kisha jaribuni msimu mmoja tu na mpange tarehe ya kulipitia upya.

Itachukua wiki kadhaa, najua. Ndiyo maana nawakasirikia hawa wawezeshaji wa siku moja, na nalisema hili kwa kila mwenye kikundi kikubwa, iwe ushirika wa kahawa, kamati ya wazazi au msikiti unaopanua jengo. Anakuja na karatasi za rangi, anawagawa, mnabandika ukutani, mnapiga makofi, picha zinapigwa, orodha ya mahudhurio inasainiwa, anaondoka na posho. Akirudi kwa aliyemtuma anasema "jamii imeridhia". Ninyi mnabaki na mfereji uliovunjwa. Siku hizi wengine wanafanya hivyo hivyo kwenye kundi la WhatsApp: pendekezo linatumwa saa nne usiku, asubuhi kuna vidole gumba 40, tayari "tumekubaliana", na wasio na bando hawajaliona kabisa.

Akija wa namna hiyo, kabla hamjampa hata nauli, mwambie awaonyeshe kikundi alichokihudumia miaka miwili iliyopita, nanyi mwende mkamsikilize mtu wa mkiani huko, bila yeye kuwepo.