Nyuki Hazaliwi na Ramani Kichwani

Nilihamisha mzinga hatua ishirini, kutoka mwembeni hadi kwenye mkorosho. Nyuki wanarudi kujazana mahali pa zamani. Wamerogwa? (Muheza)

Hawajarogwa, wamejifunza. Kaa mbele ya mzinga mchana wenye jua uwatazame nyuki wachanga wanaotoka mara ya kwanza. Hawaondoki moja kwa moja. Wanageuka kuutazama mlango, wanapepea kushoto na kulia, kisha wanazunguka mbali kidogo kidogo. Wanakariri mlango, mti na kila kilicho jirani. Wewe umehamisha nyumba, ramani yao imebaki ya jana. Usogeze mzinga chini ya mita moja kwa siku, au uupeleke zaidi ya kilomita tano kwa wiki tatu ndipo uulete unapotaka. Hamisha usiku, wote wakiwa ndani.

Ni kweli nisile ndizi kabla ya kurina asali? (Bukoba)

Kweli. Harufu ya hatari inayotoka kwenye mwiba, ambayo huwaita nyuki wengine waje kuuma, inafanana na ya ndizi mbivu.

Mdudu mwenye ubongo mdogo vile anawezaje kutatua jambo asilowahi kuliona? (Kitui)

Ubongo wa nyuki wa asali una seli za neva kama milioni moja tu, na zinamtosha. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, waliwafundisha nyuki wanene wenye manyoya, jamii ya Bombus ambayo huku kwetu haipo, kusukuma kijimpira hadi katikati ya jukwaa ili wapewe maji ya sukari. Mpira haupo katika maisha ya nyuki, lakini walijifunza, hasa waliomtazama mwenzao akifanya. Mwalimu, yaani huyo nyuki mwenzao, alisukuma mpira wa mbali kwa sababu ule wa karibu ulikuwa umegandishwa. Wanafunzi walipoachwa peke yao walichukua wa karibu, hata ulipokuwa na rangi tofauti. Hawakuiga tu, walielewa kinachotakiwa.

Hata ngoma ya kuelekezana malisho ina mafunzo. Utafiti wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa nyuki wa asali waliokulia bila wakubwa wa kuwatazama waliicheza kwa makosa, na umbali waliendelea kuukosea maisha yao yote. Kwa hiyo anayeua nyuki wazee wa malishoni anaua walimu.

Nyuki wamehamia darini. Nipulizie dawa gani? (Morogoro)

Swali hili naletewa kila mwezi, na kila mwezi jibu ni lile lile: hakuna. Usiwashe moto pia. Mwite mfugaji nyuki aje jioni na bomba la moshi.

Nyuki wangu wanatoka asubuhi wengi hawarudi, wala sioni mizoga. Jirani analima matikiti. (Dodoma)

Mwombe jirani akuonyeshe chupa ya dawa. Ukisoma imidacloprid, thiamethoxam au clothianidin, nina shaka kubwa nayo. Kwa kiasi kidogo sumu hizi hazimuui nyuki papo hapo, zinamvuruga kumbukumbu, na asiyekumbuka njia hafiki nyumbani. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku mashambani mwaka 2018. Huku kwetu bado zinauzwa, na hilo linaniuma.

Mkumbushe jirani kwamba bila nyuki ua la tikiti halishiki tunda. Kupulizia jioni kunasaidia kwa dawa nyingine, kwa hizi hakutoshi: zinapanda na utomvu hadi kwenye chavua na mbochi, na kesho asubuhi nyuki anazikuta ndani ya ua.