Gari la moshi la Bububu lilikuwepo, lakini jina si lake

Ndugu yangu, umeuliza mambo mawili: kama kweli Unguja iliwahi kuwa na treni, na kama jina la Bububu, kaskazini ya mji, limetokana na mlio wake. La kwanza ni kweli kabisa. La pili si kweli, na mie mwenyewe lilinichukua miaka mingi kulikubali.

Nimezaliwa Malindi ya Unguja mjini 1956, nikalelewa na bibi yangu mzaa mama. Yeye gari la moshi alilipanda utotoni, wakipelekwa shamba msimu wa maembe. Usiku akituhadithia alikuwa akijipigapiga mapaja kwa viganja, bu-bu-bu, bu-bu-bu, mpaka usingizi utuchukue. Sandukuni mwake aliweka buibui kuukuu la mamake, na karibu na ukosi lilikuwa na matundu matatu madogo, kingo zake zimekakamaa kwa kuungua. Akisema ni cheche za bomba la treni. Nimeyatia kidole matundu yale mara nyingi. Ukubwani nikaja kusoma kuwa cheche hizo hizo zilikuwa zikiunguza mazao ya watu kandoni mwa reli, nikajua bibi hakutia chumvi.

Reli hiyo ilijengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney, ikaanza kazi 1905. Urefu wake maili 7, yaani kama kilomita 11, kuanzia Ngome Kongwe, ikipenya mjini na kufuata upande wa pwani hadi Bububu. Serikali iliichukua 1911. Magari ya barabarani yalipozidi, usafiri wa abiria ukasimamishwa 1922, ikabaki kubeba mawe ya kazi za bandarini, halafu ikafa. Ukienda Ngome Kongwe siku ya ngoma au tamasha, ujue umekaa palipokuwa kituo cha treni.

Na hiyo haikuwa ya kwanza. Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alitandika reli yake 1879 kwenda kasri la Chukwani. Mwanzo mabehewa yakivutwa na nyumbu, baadaye ndipo akaagiza kichwa kidogo cha mvuke. Alipofariki 1888, reli nayo ikaachwa.

Katika picha zangu zote ninayoithamini zaidi ni kadi ya posta niliyoinunua Darajani miaka ya 80. Treni inapita katikati ya mtaa, nyumba zimeibana kulia na kushoto. Mzee mmoja wa kanzu na kofia amejibanza mlangoni, mkono mmoja ameushika upindo wa kanzu ameuvuta kwake. Uso wake haukutazama kamera, umeelekea magurudumu. Ule mkono ndio unaoniambia upana wa njia kuliko kipimo chochote.

Sasa jina. Bibi alishikilia mpaka anakufa kwamba treni ndiyo iliyopaita Bububu, nami nikilisema hivyo kwa kila mgeni. Kisha nikasoma kumbukumbu za Bibi Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, zilizochapishwa Ujerumani 1886. Aliondoka Unguja 1866, na humo anaitaja Bububu, alikokaa kwa muda karibu na bahari. Basi jina lilikuwepo karibu miaka 40 kabla ya gari la moshi kupiga mlio wake wa kwanza. Niliirudia kurasa ile mara tatu, na siku ile nilimhuzunikia bibi yangu kama amekufa upya. Kuna wazee wanaosema ni sauti ya maji yakibubujika, maana upande ule una chemchemi ambazo Barghash alivuta maji yake kuleta mjini. Mie naelemea huko.

Umesema unazo picha za marehemu babu yako zimo bahashani. Usimpe mtu ile asili. Mwaka 1979 nilipanda TAZARA kutoka Dar hadi Mbeya, nikapiga mkanda mzima wa picha 36, vituo, mahandaki, mama wauza ndizi dirishani. Studio moja ikanirudishia mkanda mweusi mtupu, na safari ile nimebaki nayo kichwani tu. Zipige wewe mwenyewe kwa simu, kivulini, mbele na nyuma. Nyuma khasa, kwenye stempu na mwandiko. Ukiziweka hapa, mtaa nitautambua kwa milango na baraza zake.