Kupiga chuma kwa mchezaji wa kikapu: kifua kinasaidia wapi?

Mdogo wangu uliyeuliza: una miaka 19, urefu unao, mwili bado, na kila ukiingia chini ya goli unasukumwa mpaka nje ya mstari, sasa unataka kujua kama uanze kupiga chuma kifua na mikono. Naona umejibiwa mambo mawili tu mpaka sasa, "nenda jimu" na "kikapu ni akili, achana na vyuma". Naomba nikujibu kwa kirefu, maana ukifuata lolote kati ya hayo kama lilivyo utapoteza mwaka mzima.

Nimecheza namba nne, yaani mshambuliaji anayegombania mipira chini ya goli, hapa Dar kwa miaka mingi, Don Bosco Upanga, Kidongo Chekundu na viwanja vingine vya mitaani, na siku hizi nasaidia kufundisha vijana huku Temeke. Namba nne kazi yake ni kugombania, kwa hiyo suala hili nimeishi nalo mwilini.

Nguvu za juu unazihitaji, tena kwa nafasi unayocheza unazihitaji sana. Ila unazozihitaji zaidi ni za kuvuta, za kushika na za kukaza kiwiliwili, kuliko zile za kulala kwenye benchi na kusukuma chuma. Na hata hizo hazitoki kama nyonga na miguu haijasimama.

Kuna kaka mmoja alikuwa anafanya kazi bandarini, tukicheza naye jioni. Ukimwangalia akivua shati husemi huyu ni mtu wa kuogopwa: mabega ya kawaida, kifua cha kawaida. Lakini hakuna kijana wa jimu aliyekuwa anataka kumkaba. Nilimsoma kwa karibu kwa sababu mara nyingi nilipangiwa mimi. Kabla mpira haujatoka mkononi mwa mpigaji, yeye ameshapitisha mguu wake mbele ya wako, magoti yamekunjwa, kiuno chake kiko chini kuliko chako. Mkono wa upande wako ameukunja na kuulaza chini mgongoni au kwenye nyonga yako, hasukumi, anasikiliza umeegemea wapi. Wewe ukimsukuma mabegani, nguvu zako zinapita juu yake. Mpira unapogonga ringi ameshakupeleka hatua moja ndani, chini kabisa ya wavu, mahali ambapo mpira hauangukii. Anarukia mbele yako bila haraka. Na akishaushika, umekwisha: anauvuta hadi kidevuni, viwiko nje, na mtu akining'inia mkononi mwake hautoki. Hapo ndipo nguvu zake za juu zilikuwa, kwenye viganja, mikono ya mbele na mgongo. Zilitokana na kazi ya kuvuta na kubeba.

Mfano mkubwa unatuhusu sisi Watanzania. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar, mwenye urefu wa mita 2.21, alikuwa anachezea chuo cha Connecticut. Februari 2009 walikutana na Pittsburgh, ambako kulikuwa na DeJuan Blair, mwenye mita 2.01 hivi. Tofauti ya sentimita 20! Blair alimaliza na alama 22 na ribaundi 23, yaani mipira iliyokosa kuingia akaidaka, Pittsburgh wakashinda, na kuna tukio moja kwenye kugombania ribaundi ambapo Blair alimbeba Thabeet begani akampindulia mbele mpaka sakafuni. Itafute uitazame, ila itazame miguu ya Blair na usiikodolee mikono peke yake. Yuko chini, miguu imetanuka, na mkono umefanya kazi ya kufunga tu kile ambacho nyonga zilikuwa zimeshakianza. Miezi michache baadaye Thabeet alichaguliwa wa pili kwenye drafti (timu zinapochagua wachezaji wapya) ya NBA, ligi kuu ya Marekani, Mtanzania wa kwanza kufika huko, na Blair akachaguliwa wa 37, kwa hiyo usidhani namdharau ndugu yetu. Urefu ulimfikisha mbali sana. Ninachosema ni kwamba urefu unaweza kuondolewa mahali pake na mtu aliyejikita vizuri.

Sasa upande wa pili. Kevin Durant alipopimwa kabla ya drafti ya 2007 alishindwa kunyanyua hata mara moja ule uzito wa benchi wa paundi 185, kama kilo 84. Watu waliongea sana. Akachaguliwa wa pili, akawa mfungaji bora wa ligi mara nne, MVP (mchezaji bora wa ligi) wa 2014, na bingwa 2017 na 2018. Wanaopinga vyuma hupenda kuishia hapo. Wanasahau kwamba Durant alikuwa anapiga kutoka juu ambako mkabaji hafiki. Kama huna mtupo wa namna hiyo, huo mfano haukuhusu.

Kwenye kutupa mpira, ukweli ni kwamba mikono mikubwa haikuongezei kitu kikubwa. Mpira wa wanaume hauzidi gramu 650. Msukumo wa kutoka mita 6.75, kwenye mstari wa alama tatu, unaanza kwenye miguu, unapita kiunoni, mkono unamalizia na kifundo kinatoa mwelekeo. Nguvu kidogo za bega zina kazi kwa kijana mwembamba sana au mtoto anayelazimika kuutupia mpira kutoka kifuani kwa sababu hafiki. Huyo akipata bega, mtupo wake unanyooka. Zaidi ya hapo ni miguu, na ndiyo maana robo ya nne miguu ikichoka mipira inaanza kugonga mbele ya ringi.

Kwenye kumalizia ukiwa umegongwa, hapo nguvu za juu zinaonekana wazi. Unapanda na mpira, beki anakupiga bega ubavuni. Kama tumbo na mgongo vimekaza unabaki umenyooka na mkono unamaliza. Kama vimelegea, unapinda katikati na mpira unakwenda popote. Refa akipuliza unapata mitupo miwili, wakati ungeweza kupata kikapu na mtupo mmoja juu yake.

Vyuma sasa. Jimu nyingi za mtaani kwetu vyuma ni bomba na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Vinafaa kabisa, ila hakikisha pande mbili zinalingana. Nimeshapima kwenye mizani ya muuza chuma chakavu nikakuta kopo moja linazidi lenzake kilo kadhaa, na vijana wanalisukuma hivyo hivyo kila siku, bega moja linabeba zaidi. Pima, weka alama ya rangi.

Anza na kujivuta kwenye bomba. Ukishindwa kujivuta, panda juu ya stuli, kisha jishushe polepole mpaka mikono inyooke. Fuatisha pushapu, mwili ukiwa umenyooka kama ubao, na skwati. Kisha beba madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa maji, moja kila mkono, tembea urefu wa uwanja kwenda na kurudi bila kuyumba. Zoezi hilo vijana wanalidharau kuliko yote, na ndilo limewabadilisha wengi niliowasimamia: linakaza viganja, mabega na tumbo kwa pamoja. Benchi ukitaka piga, ila kila ukisukuma seti moja, vuta mbili. Kifua kikikaza mgongo ukiwa dhaifu, mabega yanavutwa mbele, na mkono ukipanda juu kutupa unaanza kusikia maumivu sehemu ya mbele ya bega. Ukisikia hayo, simama, punguza kusukuma, usijikaze kiume.

Mara tatu kwa wiki wakati hakuna ligi, mara mbili ligi ikiwa imeanza, na fanya baada ya mazoezi ya mpira, si kabla.

Halafu uwe na mwenzako wa kunyang'anyana naye mpira, na wa kupandiana mgongoni chini ya goli bila kuruka, dakika chache tu kila siku. Jimu haikufundishi kuweka mguu. Tena nguvu bila mguu zinakuletea faulo: sheria zinampa mpinzani nafasi yake aliyosimama, ukinyoosha mikono ukamsukuma refa anakuona, na tano zinakutoa nje.

Chakula usikitafutie poda za kujenga misuli. Hizo hela nunua mayai, dagaa, maharage na mtindi, na ule ugali wa kutosha siku ya mazoezi, maana vijana wembamba wengi ninaowaona hawali vya kutosha wala hawalali.

Ukirudi hapa tuambie uzito wako, unajivuta mara ngapi, na goti au bega limewahi kukusumbua. Nikijua hayo nitakuandikia ratiba ya wiki kwa wiki.