Kusainishana mwongozo wa maadili hakutoshi

Ndugu, umeuliza kama inatosha msambazaji, yaani kiwanda kinachokuuzia bidhaa, kusaini mwongozo wa maadili (ahadi ya kulinda haki na usalama wa wafanyakazi). Haitoshi hata kidogo. Jengo la Rana Plaza, lililokuwa na viwanda vya nguo karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki iliyokuwemo ikafunga, washonaji wakaamriwa kurudi kazini. Na baadhi ya viwanda vya mle vilikuwa vimeshakaguliwa! Mkataba wa usalama wa viwanda uliosainiwa Mei mwaka huohuo kati ya kampuni zinazonunua nguo na vyama vya wafanyakazi ndio ulikuwa na meno: wakaguzi huru, ripoti wazi kwa umma, na wanunuzi kuhakikisha kiwanda kinamudu gharama za ukarabati. Anzia hapo. Ukimbana msambazaji kwa bei kisha ukamlipa baada ya miezi minne, hela ya mlango wa dharura ataitoa wapi?