Badala ya kurudia "very important"

Ndugu yangu, umeuliza uandike nini badala ya kurudia "very important" kila mstari kwenye barua yako ya maombi ya chuo. Usikariri orodha, kwa sababu maneno haya hayana uzito mmoja. "Essential" ni kitu ambacho kikikosekana jambo halifanyiki kabisa, kama maji kwenye ugali. "Crucial" hukaa pale jambo linapoamuliwa: "a crucial decision". "Vital" lina asili ya neno la Kilatini la uhai, ndiyo maana mapigo ya moyo na joto la mwili hospitalini huitwa "vital signs". "Significant" ni la mabadiliko yanayoonekana: "a significant increase".

Na tafadhali, "very essential" achana nayo. Neno lenyewe limeshajaa.

Ila ninalolipenda zaidi mimi ni kitenzi "matter". Wengi tunalijua neno hili kama nomino tu, kwenye "What's the matter?", tunaliacha hapo hapo. Linganisha "Education is very important to me" na "Education matters to me". Ya pili ni fupi, na inasikika imetoka moyoni. Ijaribu kwenye aya yako ya kwanza.